Ng'ombe wa Kumi na Mbili wa Deogratias

Mihayo alikuja sokoni Bariadi Jumanne moja asubuhi, mkononi kashika kilo mbili za sukari, akamwambia Apolonia kwamba amemsamehe. Nilikuwepo. Nilikuwa napanga ndoo za plastiki mbele ya duka langu, na sioni haya kusema kwamba ndoo niliyokuwa nimeishika nilitamani kumvika kichwani, na sukari yake humo humo.

Naitwa Zena, nauza vyombo, na soko zima linajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Lakini habari hii ni ya Apolonia, mwanamke anayeuza michembe ya viazi vitamu kwenye kibaraza changu. Ukipita haraka hutamwona. Ni mrefu, mkavu, hana tabasamu la biashara. Viazi vyake anavimenya, anavikata na kuvianika mwenyewe, na ukimwomba akupunguzie bei anakutazama tu mpaka unatoa hela yote. Mimi ni Mwislamu wa mjini, yeye ni Mkatoliki wa shamba kutoka upande wa Ipililo, kule Maswa. Tulianza kwa kugombania kivuli cha kibaraza, tukaishia kula sahani moja.

Alifika mjini miaka sita iliyopita na sufuria, godoro na jina la mwizi wa ng'ombe.

Mtu wa mbali akilisikia jina hilo atadhani ni tusi tu. Huku kwetu mwizi wa kuku anachekwa, mwizi wa hela anapelekwa polisi, lakini mwizi wa ng'ombe hapewi hata maji ya kunywa. Na huyu alikuwa mwanamke, mjane, aliyeambiwa kwamba ameiba ng'ombe wa marehemu mumewe kaburi likiwa bado bichi. Kijijini hakurudi tena, hata kwa misa ya Pasaka. Akiona mtu wa upande ule anakuja sokoni, anainama chini ya meza na kujifanya anapanga magunia. Jambo hilo lilikuwa linanichoma kuliko lilivyomchoma yeye, au labda yeye alikuwa anajua kuficha.

Mumewe aliitwa Deogratias Maige. Alikuwa na kibanda cha kuchajia simu kwa umeme wa jua, mtu wa utani mwingi, Kiingereza amejifunza mwenyewe kwa kusoma karatasi yoyote iliyofungiwa sukari. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na mwaka fulani Deo akawabadilisha wote majina. Ng'ombe waliokuwa na majina ya Kisukuma ya maana, ya rangi zao na pembe zao, wakaanza kuitwa Redio, Dokta, Oktoba, Blanketi. Kijiji kizima kilicheka. Apolonia alipouliza, Deo akamwambia, "Hawa sasa ni wasomi."

Aliyefuga anajua kwamba ng'ombe wana foleni yao. Ukitoa miti ya langoni asubuhi, kiongozi anatoka kwanza, wa pili anamfuata yule yule wa jana, na anayejaribu kuruka zamu anapigwa pembe. Apolonia ndiye aliyekuwa akikamua, ndiye aliyefungua zizi. Deo alisimama nje, mswaki wa mti mdomoni, akiwaita mmoja mmoja kadiri wanavyopita. Alifanya hivyo kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka wachungaji wakazijua zile kelele kwa moyo.

Kisha lori la pamba likamgonga barabarani, akafa pale pale.

Kaka yake mkubwa, huyo Mihayo, alikuja kutoka Mwanhuzi kwenye malisho yake, akashika msiba. Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa uwanjani. Kwanza wakamwambia Apolonia kwamba atarithiwa na mdogo wa marehemu. Akakataa. Alisema alifunga ndoa kanisani na mtu mmoja, na mtu huyo amekwishazikwa. Basi Mihayo akanyanyuka, akaenda zizini, akahesabu, akarudi akiwa amekunja uso.

"Mmoja yuko wapi?"

"Mmoja yupi?" Apolonia akauliza.

"Deo kila akija kwangu alisema, 'Zizini kwangu wanatoka kumi na wawili kila asubuhi.' Nimehesabu kumi na mmoja."

Apolonia alisema ng'ombe ni kumi na mmoja, hawajawahi kuzidi. Mihayo akawauliza watu kama marehemu alikuwa mwongo. Nani angesimama kwenye msiba kusema marehemu ni mwongo? Wachungaji wangeweza kusema, lakini walikuwa vibarua na Mihayo ndiye aliyekuwa sasa akiwalipa. Shangazi yao mmoja, bibi Shida, aliyekuwa amemshikia Apolonia kikombe cha maji, akakimwaga chini mbele ya watu wote. Ng'ombe wakagawanywa. Mmoja alichinjwa siku hiyo hiyo. Mjane akaambiwa achukue godoro na sufuria na ashukuru hajapelekwa polisi.

Sasa mnaelewa ile ndoo.

"Mwangaluka, shemeji," Mihayo alianza siku hiyo ya Jumanne, sauti imelainika.

"Mwangaluka."

"Za hapa?"

"Za hapa ni michembe."

Akakohoa. Akaweka sukari mezani. "Sisi kama ukoo tumekaa, tukaona yaliyopita yamepita. Yule ng'ombe tumekusamehe."

"Sijawahi kuomba msamaha."

"Hata kama hukuomba. Tumekusamehe. Tunachotaka ni kitu kidogo tu, jina lake."

"Jina la nani?"

"La yule wa kumi na mbili uliyemuuza."

Nilidhani mzee amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa na chochote. Tamaa yake ilikuwa nzima kabisa. Alitueleza mwenyewe, kwa majivuno, kwamba kijana wake yuko chuo Mwanza na huko amesikia kuwa zile sarafu za mtandaoni, bitcoin, ambazo Deo alilipwa zamani na watu wa nje kwa kuwatafsiria maelezo ya simu, sasa zimepanda thamani mno. Deo aliwahi kuwaambia kwamba ufunguo wa hela zake uko zizini. Wao wakachukua majembe. Aliyetuletea viazi wiki ile alitusimulia jinsi walivyofukua samadi ya miaka yote mpaka wakafika kwenye udongo mwekundu, ukoo mzima magotini, wakitafuta ufunguo wa chuma. Halafu kijana akarudi likizo, akawaambia ufunguo wenyewe ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Ndipo wakakumbuka majina ya wale wasomi.

"Kumi na moja tunayo," Mihayo alisema. "Wachungaji wametupa, na foleni yao. Tumebakiza moja. Sema jina, shemeji, na wewe tutakufikiria."

Apolonia alichukua ile sukari, akairudisha kwenye mkono wa Mihayo, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Nenda," alisema. "Nitakuita."

Mimi nilisema mengine, marefu zaidi, lakini hayaandikiki.

Mdogo wangu Nuruddin ni fundi simu, meza yake iko ubavuni mwa duka. Nilimvuta akaketi na sisi, nikamtaka atueleze polepole. Akasema ni kweli. Pesa hizo hukaa kwenye pochi ndani ya simu, na pochi hutoa maneno kumi na mawili kwa mpangilio maalumu siku unapoifungua. Simu ikivunjika, ikaibiwa, ikakanyagwa na lori, pesa hazijapotea. Mwenye maneno anayaingiza kwenye simu nyingine yoyote na pochi inarudi. Ila ukimpa mtu maneno yote umempa pesa zote, na hakuna ofisi utakakokwenda kulalamika.

"Kwa nini hakuyaandika mahali?" niliuliza.

"Mchwa walimlia vyeti vyake vya shule," Apolonia alisema. "Baada ya hapo Deo hakuamini karatasi."

Nuruddin akamwomba ahesabu wale ng'ombe kichwani, asiyataje majina. Apolonia akafumba macho. Niliona midomo yake ikitembea. Nadhani alikuwa amesimama zizini asubuhi, anawapisha. Alifika mwisho akafumbua.

"Kumi na mmoja," alisema. "Mihayo anatafuta kisichokuwepo."

"Hapana, dada," Nuruddin akasema. "Maneno hayawezi kuwa kumi na moja. Baada ya yule ng'ombe wa mwisho kutoka, marehemu alikuwa anaita nini?"

"Hakuna. Aliyebaki ni mimi na ndoo ya maziwa. Nafunga lango, natoka, ananiita na mimi."

Nuruddin akainua kichwa. Mimi ndiye niliyeropoka, "Anakuita nani?"

Aliinuka pale kitini mpaka meza ikatikisika na michembe ikamwagika. Nilitegemea kilio. Alianza kutukana, Apolonia ambaye sijawahi kumsikia akisema hata neno mjinga. Alimtukana Deo kwa Kisukuma, kwa sauti, wateja wakasimama.

"Kila asubuhi!" alisema aliporudi kwenye Kiswahili. "Kila asubuhi ananihesabu na ng'ombe, anacheka. Nikamwambia, Deo, mimi siyo mfugo, usinitaje kwenye foleni hiyo. Anacheka! Anakwenda Mwanhuzi kujisifu, kumi na wawili, kumi na wawili, anacheka! Angenikalisha jioni moja tu akaniambia, mke wangu, jambo lenyewe liko hivi. Mdomo alikuwa nao. Wa kuita Blanketi alikuwa nao!"

"Alidhani ana muda," nilisema.

"Mimi nimeitwa mwizi kwa utani wake. Zena, unaelewa? Ng'ombe waliyesema nimemwiba ni mimi."

Nilielewa. Watu wazima walikuwa wamekaa uwanjani, wakahesabu, wakasema hayupo, kisha wakamfukuza.

Jioni hiyo alifungua pochi kwenye simu mpya aliyouziwa na Nuruddin kwa mkopo. Fundi alimwonyesha kwamba akianza herufi chache simu inamletea maneno achague, akamsaidia hayo kumi na moja, kisha akageuka kutazama ukutani wakati dada anaingiza la mwisho. Pochi ikafunguka. Sitasema kulikuwa na kiasi gani. Zilitosha mtu kuacha kulala kwenye chumba cha kupanga. Nuruddin akamwambia jambo la busara: maneno kumi na moja yako mikononi mwa Mihayo, kwa hiyo pesa zihamishwe usiku uleule kwenye pochi mpya yenye maneno mapya. Zikahamishwa. Ameyaweka wapi hayo mapya sijui, na sijauliza.

Kwa akili yangu mambo yalikuwa yameisha. "Nunua kiwanja," nilimwambia. "Nyamaza. Waache wafukue samadi mpaka kiama."

"Nikijenga hata choo watasema nini?"

"Waseme."

"Watasema ng'ombe wa Deo kazaa. Kila tofali litakuwa ushahidi wao." Alikuwa amekaa kwenye ndoo niliyoigeuza, mikono magotini. "Hela ninazo, Zena. Jina langu wanalo wao."

Tuligombana. Nilimwambia kwamba akienda kule na neno lake, ukoo utadai hela, watamzonga, watamlaani, na mimi sina nguvu za kupigana na watu wa Mwanhuzi. Akasema nisiende basi. Nikaenda, bila shaka. Ningekaaje nyumbani?

Alimpigia Mihayo simu, akamwambia Jumapili baada ya misa akusanye watu wale wale, uwanja ule ule. Walikuja wote. Tamaa ina mbio. Mihayo alikuwa amevaa koti, kijana wake wa chuo ameshika simu, ameshaingiza majina kumi na moja, kidole kinasubiri. Bibi Shida alikaa kwenye kigoda upande wa jiko, amezeeka sana. Sisi hatukupewa viti. Zizi lilikuwa pale pembeni, miti ya langoni imeoza, ndani mashimo waliyoyachimba hawakuyafukia.

Mihayo alimshika Apolonia kiwiko. "Njoo uniambie pembeni, shemeji."

"Hukuniita mwizi pembeni."

Watu wakaguna. Akamwachia.

"Nitasema jina mbele ya wote," Apolonia aliendelea. "Jina likifungua, maana yake nini? Kijana, wewe umesoma, waambie."

Kijana akakohoa. "Maana yake ndilo neno la kumi na mbili."

"Na kama neno la kumi na mbili siyo ng'ombe?"

Hapo Mihayo akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Siyo ng'ombe ni nini?"

"Kwanza useme. Ulisema mbele ya hawa kwamba nimeiba. Sema mbele ya hawa kwamba sikuiba."

"Haya, hakuiba."

"Nani?"

"Shemeji, tusipotezeane muda."

"Nani hakuiba?"

"Apolonia."

"Hakuiba nini?"

Jasho lilikuwa limemtoka. Alitazama ile simu, akatazama watu. Nilimwona akipiga hesabu usoni, na hesabu ilikuwa rahisi: maneno machache kwa utajiri. Akainua sauti kabisa. "Apolonia hakuiba ng'ombe wa Deo! Deo alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja! Hajapotea hata mmoja! Umeridhika?"

"Sijaridhika," Apolonia alisema, "lakini wamesikia." Akawageukia watu. "Wa kumi na mbili kutoka zizini nilikuwa mimi, na ndoo yangu. Deo aliniita kila asubuhi, nyie majirani mlikuwa mnasikia mnacheka. Aliniita nani?"

Mchungaji mmoja wa zamani, mtu mzima sasa, akacheka kwa mshangao kabla hajajizuia. "Bosi," alisema. "Alikuwa anamwita Bosi!"

Kijana akachagua neno lile kwenye simu. Pochi ikafunguka mkononi mwake, akapiga kelele, "Imekubali! Imekubali!" Uwanja mzima ukasimama. Wanawake wakaanza kuzungumza kwa pamoja, nikamsikia mmoja akisema, miaka yote hii, Mungu wangu, miaka yote hii. Kwenye kelele hizo bibi Shida alijikokota kutoka jikoni na kikombe cha maji. Alikipeleka kwa mikono miwili, amepiga goti, bibi wa umri ule, maji yakimwagikia kwenye kanga.

"Pokea, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Apolonia alikishika kikombe bila kunywa. Uso wake ulikuwa bado mkali, na nilifurahi. Sikutaka awasamehe haraka hivyo.

Kijana alikuwa ameacha kushangilia. Alitelezesha kidole juu, akatelezesha chini. Akamnong'oneza baba yake. Mihayo akamnyang'anya simu, akaikodolea macho kana kwamba anaweza kuisoma, na shingo yake ikaanza kuvimba.

"Tupu," alisema. "Humu mna sifuri. Shemeji, hela ziko wapi?" Kisha akapata wazo, na naapa niliona jinsi lilivyompendeza. "Sikilizeni! Amesema mwenyewe, mbele yenu, kwamba alikuwa wa kumi na mbili wa zizi. Zizi ni la nani? La ukoo! Kama yeye ni wa zizi, basi na hela ni za zizi!"

Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Apolonia akanizuia kwa kunyoosha mkono tu, hakunitazama. Alikunywa maji. Alikunywa yote, taratibu, amesimama katikati ya uwanja ule, na watu wote wakimsubiri. Akamrudishia bibi Shida kikombe kwa mikono miwili, akamwambia wabeja, asante. Akaipanga vizuri kanga yake kichwani.

"Ni kweli, Mihayo, nilikuwa wa kumi na mbili," alisema. "Lakini wewe ni mfugaji, huulizi kwa nini nilikuwa natoka mwisho? Ng'ombe hafungi lango; mimi ndiye niliyekuwa nalifunga."